Kongoni wa Harusi ya Rukia

Simu ya msiba ilinikuta Tunduru, kwenye kibanda cha mama ntilie, chapati mkononi. "Braza Kassim kafariki," sauti ilisema. "Maziko keshokutwa, nyumbani kwake Temeke. Wanamsubiri binti yake atoke Mwanza." Nikashukuru kwa taarifa, nikamalizia chapati, nikaagiza nyingine. Nayasema haya mapema ili msomaji asitegemee machozi kutoka kwangu. Kisha nikafunga kisanduku changu cha vifaa vya kutengenezea cherehani, ambacho nimezunguka nacho Lindi, Masasi, Songea na miji mingine ambayo sasa naichanganya majina, nikaenda kukata tiketi. Sikuwa nakwenda kumlilia Kassim. Kwetu jeneza halinyanyuliwi hivi hivi. Mtu mzima husimama mbele ya watu akasema: huyu alikuwa binadamu, huenda alimkosea mtu, mwenye kinyongo amsamehe na mwenye dai alitaje sasa. Watu huitikia kwa pamoja kwamba wamesamehe, hata wasiomfahamu. Mie swali hilo nililisubiri zaidi ya miaka ishirini. Kassim akiwa hai alikuwa na mdomo, na mdomo wake ulinishinda. Nilitaka siku moja watu waulizwe juu yake, nami nijibu, na yeye awe amelala.

Mwaka ninaouzungumzia ndio niliotimiza miaka ishirini na mbili. Ukiniambia nichague chumba kimoja cha kurudi kabla sijafa, nitachagua chumba cha nyuma ya duka la Mzee Nasoro. Alikuwa Mwarabu wa Temeke, mzaliwa wa hapo hapo, muuza misumari, rangi na kufuli, na mwindaji mwenye vibali vyake vyote. Mbele ya duka palinuka tapentaini, nyuma palinuka mafuta ya bunduki na kahawa. Palikuwa na benchi refu lililochongwa Chang'ombe, meza iliyotandikwa gunia, na dirisha moja lililotazama jiko la Bi Tatu, mpishi aliyekuwa ameipikia familia ile tangu watoto wakiwa wanatambaa. Kila Ijumaa baada ya swala wenzake Mzee walileta bunduki zao, mie nikazisafisha huku wao wakibishana. Bi Tatu alipitisha dirishani sahani ya mihogo ya nazi, juu yake vipande vya nguru wa kukaanga, na kila mara alisema maneno yale yale: "Nawieni mikono kwanza, sitaki mihogo yangu inuke baruti." Nimekula mihogo mingi tangu siku zile. Yote imepungukiwa na kitu, na nadhani kitu chenyewe ni ule ubishi.

Ubishi ulikuwa mmoja tu: bunduki ya zamani na bunduki ya kisasa. Bunduki ya Mzee Nasoro ilikuwa rifle ya baba yake, ya chuma na mti, ya kuvuta bolti kwa mkono na kutazama kwa vidole viwili vidogo vya chuma, kimoja huku na kimoja kule. Kitako cha asili kilipasuka zamani, naye akachonga kingine cha mninga kwa mikono yake, na pale shavu lake lilipolala kila siku mti ulikuwa umekolea rangi kama mkono wa kiti cha kinyozi. Kassim, mtu wa miaka thelathini na tano hivi, wakala wa kutoa mizigo bandarini, alikuja na rifle nyeusi aliyoagiza nje, kitako cha plastiki, mtutu usioshika kutu, na juu yake darubini ndefu kama tochi ya mlinzi.

"Mzee wangu," Kassim alimwambia siku ya kwanza, akiitua mezani kama mtu anayetua karata, "hiyo ya kwako sasa ipelekwe makumbusho, watoto wa shule waione."

"Ya kwako haina mti hata wa kuchokolea meno," Mzee akajibu bila kuinua kichwa. "Hiyo ni bunduki au ndoo?"

"Ndoo inayopiga hatua mia nne."

"Na huyo mnyama akianguka hatua mia nne, nani atamchinja? Ndoo?"

Wote wakanitazama mie. Maana mie ndiye niliyekuwa mchinjaji. Katika kundi lile wote walikuwa Waislamu, na Mzee Nasoro alishika msimamo wa wazee wake: risasi haichinji, risasi inaangusha. Kinachochinja ni kisu, na mnyama awe bado ana uhai, damu iruke, si ichuruzike. Akishakufa ni kibudu, hata uwe umempiga kwa rifle ya dhahabu. Kwa hiyo kila kundi lilikuwa na mtu mwenye miguu na kisu. Bunduki ikilia mie ninakimbia. Kwa Mzee Nasoro kazi ilikuwa rahisi, kwa sababu bunduki yake ilimlazimisha kutambaa. Alitambaa nusu saa, saa nzima, tumbo chini, mpaka hatua sitini au sabini kutoka kwa mnyama, na mie nyuma ya visigino vyake. Akipiga, ninahesabu pumzi kumi nimeshafika, nimemgeuza mnyama kuelekea kibla, bismillahi, nimemaliza. Sikuwahi kuchelewa. Jina langu Idi, na mwaka ule watu walipotaka kuchinjiwa kuku au mbuzi hapo mtaani walimtafuta Idi. Kijana wa kidato cha nne asiye na kazi alikuwa na jina. Anayejua mtaa anajua hiyo ni mali ya namna gani.

Mzee Nasoro alikuwa na desturi yake. Kila mtoto wake alipooa au kuolewa, pilau la harusi lilipikwa kwa nyama ya mkono wake. Watoto watatu wa kwanza walipata. Wa mwisho alikuwa Rukia, na harusi ya Rukia ilipokaribia, jicho la kulia la Mzee lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Ile ncha ya chuma iliyo mwisho wa mtutu ilimpotea. Nakumbuka Ijumaa ile alivyoelekeza bunduki tupu kwenye ukuta wa jiko la Bi Tatu, akaishusha, akaifuta, akaielekeza tena. Kassim alikuwa anakula muhogo. Akasema, safari hii kwa upole, "Mzee, niachie mie. Darubini haina mtoto wa jicho." Mzee akakubali kwa kichwa tu. Nadhani hapo ndipo bunduki ya kisasa iliposhinda ule ubishi, bila risasi hata moja.

Tulikwenda mapori ya upande wa Rufiji. Mzee alibaki kwenye gari. Kassim, mie na askari wa wanyamapori tukapanda ukingo wa bonde, na ng'ambo ya pili tukaona kongoni, wadogo kama mbuzi kwa umbali. Nikasema, "Braza Kassim, tushuke, tuwazunguke kwa upepo." Akanicheka. "Hii si ya kutambaa, dogo. Hii ni ya kulala na kunywa chai." Akalala, akahangaika na darubini, akazungusha hiki na kile, na bunduki ikalia kabla sijafunga vizuri kamba za viatu. Kongoni mmoja akaanguka pale pale alipo. Ilikuwa shabaha nzuri sana, sitamnyima hilo. Askari akarudi kuliongoza gari, mie nikateremka mbio bondeni, nikavuka mchanga, nikapanda kupitia miiba, kifua kinawaka. Nilipofika jicho la mnyama lilikuwa limeshafanya utando, na nzi alikuwa ametua juu yake. Nilimgusa jicho kwa kidole. Hakupepesa.

Kassim alifika baadaye, anatembea, bunduki begani.

"Vipi, umemuwahi?"

"Amekufa, braza. Nimemkuta amekufa. Wewe ulipiga bismillahi ulipofyatua?" Kwa sababu wapo masheikh wanaosema hiyo inatosha kwa risasi, nami nilitaka kupata hata uzi wa kushikilia.

"Nilikuwa nashughulika na darubini," akasema. Akatazama nyuma, gari lilikuwa linasikika linazunguka. "Chinja."

"Nichinje mzoga?"

"Chinja, Idi. Harusi ni keshokutwa, mzee wa watu anangoja, kibali kimeshatumika. Nani atajua?"

Nikachinja. Damu ilitoka kidogo, nyeusi, ikasimama. Gari lilipofika Mzee Nasoro alishuka, akauona mkato shingoni, akanishika bega akasema, "Miguu hiyo Mungu akutunzie." Nilitazama chini. Mpaka leo, kiganja kile kikinirudia begani, namchukia Kassim upya, kama ndiyo kwanza asubuhi.

Hatukufika mbali. Mchana wa kuamkia harusi Bi Tatu alikuwa na masufuria matatu uani, mie nimekaa benchi la chumba cha nyuma, nikamwona dirishani amesimama na mwiko hewani. Aliondoa povu, likarudi. Akaliondoa tena. Akachukua pande la nyama bichi lililobaki kwenye beseni, akalikamua kwa vidole, akanusa. Kisha akaita, si kwa sauti kubwa, "Baba Rukia. Hebu njoo." Wanawake wakaacha kuchambua mchele. "Nyama hii haikutoa damu," Bi Tatu alisema. "Miaka yote napika nyama ya porini ya nyumba hii. Hii damu yake imelala humu humu. Nani alimchinja mnyama huyu?"

Ua mzima ukanigeukia. Kassim alikuwepo, amevaa kanzu mpya, na kabla sijafungua mdomo yeye aliufungua wa kwake. "Mie nilipiga, mnyama akaanguka anarusha miguu. Kazi ya kukimbia ilikuwa ya nani? Nilipofika nikamuuliza, Idi, umemuwahi? Akaniapia. Wallahi akaniapia kamuwahi." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kumbe dogo alikuwa anapunga upepo njiani."

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikumjibu pale pale. Kwa muda mrefu nilijiambia nilishtuka. Hapana. Nilipiga hesabu upesi sana, kama mwizi. Mchinjaji aliyechelewa ni mzembe. Mchinjaji aliyejua, akachinja mzoga, akaupandisha garini ukaliwe na wazee na masheikh na bibi harusi, huyo ni kitu kingine. Kassim alinipa aibu ndogo, nami nikaichukua ili nisivishwe kubwa. Alijua nitaichukua. Alinisoma kama alivyowasoma wale kongoni, akiwa mbali, amelala, hana haraka.

Nyama ikazikwa, masufuria yakasuguliwa kwa majivu na kuoshwa mara saba, na Rukia aliolewa kwa wali na maharage. Ilipofika Jumatatu mtaa ulikuwa umenipa jina. Kibudu. "Kibudu, njoo unichinjie kuku wangu, keshakufa tayari!" "Shikamoo mzee." "Marahaba Kibudu, leo umekufa au uko hai?" Watu wa Temeke wakikupa jina hawakunyang'anyi. Kassim alicheka pamoja nao. Mara moja, mbele ya kijiwe cha kahawa, alinisogezea kipande cha kashata akasema, "Kula bila wasiwasi, hii haina damu."

Mzee Nasoro hakunifukuza. Aliniacha niendelee kusafisha bunduki, ila hakunisemesha, na kisu akampa mwingine. Basi Ijumaa moja nikawa peke yangu na ile rifle nyeusi. Katika kuzisafisha nilikuwa nimeshajua kitu ambacho mwenyewe hakukijali: juu ya darubini, na ubavuni mwake, kuna vifuniko viwili vidogo, na chini ya kila kifuniko kuna skrubu ya kurekebisha shabaha, yenye mfuo. Mfuo unaingia sarafu. Nilichukua shilingi mfukoni, nikazungusha ya juu, tik, tik, tik, nikazungusha ya ubavuni, nikarudisha vifuniko, nikala mihogo. Ukipiga karibu tofauti hiyo ni ndogo. Ukipiga hatua mia nne, risasi inakwenda kijiji kingine. Sikumharibia bunduki. Nilimharibia ule umbali aliokuwa anajivunia, kwa sababu ni huo umbali ulioniua mie.

Sikuwahi kufurahi katika maisha yangu kama nilivyofurahi mwezi ule. Mzee aliniruhusu kwenda nao kubeba maji. Kassim alilala chini, akapiga, na swala akainua kichwa, akatazama, akaendelea kula. Akapiga tena. "Kassim," mmoja akauliza, "unawawinda au unawapigia mizinga ya heshima?" Akalaumu upepo. Safari ya pili akalaumu risasi. Nikampa maji ya kunywa, nami nikanywa yaliyobaki, yakawa matamu. Hakupima bunduki yake hata mara moja. Kwake chombo kipya hakikosei.

Safari ya tatu alimpiga tandala dume tumboni.

Alikuwa amelenga bega. Tandala alijikunja, akaingia vichakani, na askari akasema sheria ni kumfuata. Mchinjaji mpya akakaa chini, akasema yeye hajui kusoma nyayo. Nikamfuata mie na askari, tangu asubuhi mpaka alasiri, tone la damu hapa, majani yaliyochafuka pale, na harufu ya tumbo lililopasuka. Tulimkuta amelala chini ya mti mdogo, kichwa juu, pembe zile nzuri zimesimama wima. Alikuwa anatutazama. Hakuwa na nguvu ya kuondoka. Askari akanipa kisu chake. Bismillahi. Damu iliruka mpaka kwenye magoti yangu, nyekundu, ya moto, hakuna sheikh wala mpishi ambaye angeitilia shaka. Ile ndiyo nyama safi kuliko zote nilizopata kuchinja, na sikuweza kuionja.

Ijumaa iliyofuata Mzee Nasoro aliniita chumba cha nyuma. Rifle nyeusi ilikuwa mezani, vifuniko vyote viwili vimefunguliwa. Alikuwa ameinamia darubini kwa jicho lake zima. Kwenye mfuo wa skrubu palikuwa na mikwaruzo mipya. Akachukua shilingi, akaitumbukiza mfuoni, ikakaa. Akaitoa, akaisukuma mezani mpaka mbele yangu.

"Hii yangu," akasema, akigusa kitako cha mninga, "ungeizungusha wapi?"

Nikaiokota ile shilingi.

"Kassim alikukosea kwa mdomo, Idi. Ungemjibu kwa mdomo. Wewe umemjibu kwa tumbo la mnyama."

"Kumbe unajua alinikosea?"

"Naijua bunduki ile inafika wapi. Na naijua miguu yako. Kufa kwa kongoni na kufika kwako nilivihesabu siku ile ile uani."

"Mbona hukusema, Mzee? Watu wananiita Kibudu!"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Yote, si nusu." Akafunga vifuniko. "Ijumaa ijayo usije."

Nje, Bi Tatu alikuwa ameshapitisha sahani dirishani. Niliiacha pale. Wiki ile nilipanda gari la kusini, na tangu hapo sijakaa mji mmoja miaka mitatu. Mzee Nasoro alifariki nikiwa Masasi. Nilisikia bunduki yake ilirudishwa polisi kama sheria inavyotaka, pamoja na kitako chake cha mninga. Kassim hakujua kamwe habari ya shilingi. Aliiuza ile rifle, akasema ina mkosi, akahiji, akazeeka vizuri.

Sasa alikuwa amelala sebuleni kwake, chini ya kitambaa cha kijani, na ua umejaa. Jeneza likatolewa. Nilimtambua Bi Tatu, mdogo kama mtoto, amekaa mkekani mlangoni na wanawake. Sheikh akasimama akasema maneno niliyokuwa nimeyangoja, na kabla watu hawajaitikia nikainua mkono.

"Mie nina dai."

Minong'ono ikaanza. "Kama ni fedha, waone wanawe baadaye," mtu akasema.

"Si fedha. Kongoni wa harusi ya Rukia, binti wa Mzee Nasoro, alikuwa amekufa nilipomfikia. Marehemu alijua. Aliniambia nichinje, kisha akaapa mbele ya watu kwamba nilimdanganya."

"Si Kibudu huyu?" mzee mmoja akasema nyuma yangu. "Kumbe yu hai!" Mwingine akakohoa kuficha kicheko.

Sentensi yangu ilikuwa inaishia hapo. Kila mji nilioishi niliirudia, Lindi, Songea, Tunduru, na kila mara iliishia hapo, na Kassim peke yake ndani yake. Lakini watu walikuwa bado wananitazama, na nikasikia mdomo wangu unaendelea. "Na mie nilijua. Sikuchelewa njiani. Nilimgusa jicho nikajua amekufa, nikachinja hivyo hivyo, nikawaletea mle. Nilikubali kuitwa mzembe ili msijue hilo."

Hakuna aliyecheka tena. Mtoto wa Kassim, kijana mwenye pua ya baba yake, alikuwa amekunja ngumi. Mlangoni Bi Tatu aliinua mkono wake uliokauka.

"Tumekusikia, Idi," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza katika mtaa ule, tangu siku ya masufuria, mtu kunitaja kwa jina langu.

Sheikh akanigeukia. "Basi, ndugu yangu, umesema, na mwenzio hana tena mdomo wa kukujibu. Umemsamehe?"

Nikatazama kile kitambaa cha kijani. Nilijitafuta ndani, kwa haki kabisa, kama mtu anayegusa jicho la mnyama kwa kidole.

"Bado," nikasema.

Sheikh akavuta pumzi, akawageukia watu. "Haya, shikeni. Bismillahi." Jeneza likanyanyuka. Kwetu kila mtu hubeba hatua chache akampisha mwingine, ili wote wapate thawabu. Mie niliingiza bega upande wa kulia mbele, na walipokuja kunipokea nikakataa. Wakaja tena, nikakataa. Nilimbeba mpaka makaburini, bega limechubuka, na nasikia watu wengine walisema, tazameni, pamoja na yote alimpenda. Nilitaka tu kuona kwa macho yangu kwamba amefika.